Goti bandia lenye vihisi: kwanza uliza nani atasoma

Ukishauriwa uwekewe goti bandia lenye vihisi, usianze kuuliza ni la kisasa kiasi gani. Uliza nani atasoma data zake, na lini.

Lililofungua njia ni Persona IQ, lililoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Vihisi na betri vimo ndani ya kishina kinachozama kwenye mfupa wa muundi. Mchana hurekodi idadi ya hatua, urefu wake, kasi na jinsi goti linavyokunjika ukitembea. Usiku umelala, kifaa kidogo cha chumbani huzivuta data hizo na kuzituma. Wewe hubonyezi kitu. Betri haichajiwi, na itakapokwisha nguvu goti linaendelea kufanya kazi yake, ila haliripoti tena.

Mimi ninalo, na kilichonitatiza mwanzoni ni vipimo. Mtaalamu wa fiziotherapia ananikunja kitandani anapata nyuzi zaidi ya 90, programu yake kwenye simu inaniambia 40 na kitu! Kumbe wote wako sahihi. Yeye anapima mwisho wa goti kukunjika. Vihisi vinapima goti likiwa kwenye mwendo, na hata goti zima kabisa hukunjika kama nyuzi 60 tu mtu akitembea kwenye tambarare. Kwa hiyo linganisha wiki hii na wiki iliyopita, basi. Na usifukuzie hatua, maana goti bichi likizidishiwa mwendo huvimba, na grafu itakuwa inapanda vilevile.

Jambo zito zaidi: vihisi hivi havijui maumivu wala usaha. Kidonda kikitoa majimaji, homa ikapanda, au shavu la mguu likavimba na kuuma (huenda damu imeganda), piga simu saa hiyohiyo. Pumzi ikibana ghafla au kifua kikiuma, nenda moja kwa moja kitengo cha dharura. Usifungue programu kwanza.

Usipotaka kufuatiliwa, sema mapema. Goti la kawaida bado lipo na linafanya kazi ileile.

Lile swali la kwanza mimi nilijibiwa kwamba data zinapitiwa na muuguzi mmoja, tena siku za kazi tu. Data za Ijumaa usiku haziangalii mpaka Jumatatu. Kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani, chukua namba ya zamu ya usiku, na uijaribu uone kama inapokelewa.