Bendi kwenye tyubu ya maji

SWALI: Nina miezi mitatu kazini katika kampuni ya bioteknolojia hapa Nakuru. Tunapima mbegu za viazi kutoka Molo na Njoro kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, tukitafuta bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum. Wiki mbili sasa kontroli hasi, tyubu yenye maji badala ya DNA, inatoa kwenye jeli bendi (mstari wa DNA) ya jozi-besi 280, sawa na ya viazi vigonjwa. Napangusa meza kwa spiriti kila asubuhi lakini wapi! Nianzie wapi?

JIBU: Pole, dada. Spiriti ndiyo iliyokupotezea hizo wiki mbili. Ya asilimia 70 inaua bakteria vizuri, ila DNA yao inabaki palepale mezani, na PCR haiulizi kama mwenye DNA yu hai. Tena sidhani unachokimbiza kimetoka kwenye viazi. Ni nakala za DNA zilizotoka kwenye PCR zako mwenyewe za siku zilizopita.

Piga hesabu. Molekuli 1 ikiongezeka maradufu kwa mizunguko 30 inapita bilioni 1, zote ndani ya maikrolita 25. Ukifungua kifuniko upakie jeli, tone la nanolita 1 likaruka, macho hayalioni, lakini limebeba nakala kama 40,000. Na kila nakala inashikwa bila shida na praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili.

Kabla hujatupa kitu, weka tyubu 8 za maji kwa mpigo mmoja. Zote zikitoa bendi, kosa liko katika kinachoingia kila tyubu: maji, bafa, praima, kimeng'enya. Badilisha vyote pamoja. Najua bei yake na najua vinavyochelewa kufika, lakini ukibadilisha kimojakimoja kile kichafu kitachafua vipya. Vipya navyo vigawe kwenye vitubu vidogo vya kutumia mara moja. Zikitoa bendi tyubu 2 au 3 tu kati ya hizo 8, basi ni hewa, pipeti au mikono. (Ungekuwa na praima za bakteria wote kwa jumla ningemshuku kwanza Taq, kimeng'enya kinachonakili DNA, maana hutengenezwa ndani ya E. coli na huja na mabaki ya DNA yake. Kwa praima za Ralstonia hana hatia.)

Meza na pipeti pangusa kwa Jik, sehemu 1 kwa 9 za maji, iliyochanganywa siku hiyo hiyo. Iache dakika 10, kisha futa kwa maji safi kwa sababu Jik inakula chuma. Taa ya UV washa ukipenda, ila usiitegemee: kipande kifupi kama chako huistahimili kuliko kirefu. Tipu za pipeti ziwe na filta.

Halafu njia. Chumba cha kuchanganyia dawa, cha kuweka DNA, cha jeli: mtu aende mbele tu, asirudi siku hiyo. Sisi hapa Kisumu tuliwahi kuhangaika karibu mwezi mzima, tumefua makoti, tumebadilisha pipeti, mpaka mwenzetu mmoja akagundua kwamba kalamu ya kuandikia tyubu ni moja, inazunguka vyumba vyote mfukoni mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwagombeza wengine. Angalia kalamu, simu, na kitasa cha friza.

Kuna wanaotumia katika PCR zao yurasili badala ya thaimini, moja ya herufi nne za DNA, pamoja na UNG, kimeng'enya kinachoharibu nakala za zamani zenye yurasili kabla PCR haijaanza. Ni kizuri, lakini hakigusi uchafu ulio nao sasa, kwa kuwa hauna yurasili.

Majibu ya wiki hizo mbili yasitoke, hata mkubwa wako akisema sampuli nyingine zinaonekana sawa. Mkulima wa Molo anaweza kukataliwa mbegu nzima kwa bendi iliyotoka kwenye jeli ya juzi. Maji yakishakaa safi mara tatu mfululizo, kata viazi upya na utoe DNA mpya. Ile ya zamani iliwahi kufunguliwa kwenye meza ileile.