Umevunja masharti ya visa Marekani? Soma hii kabla hujakata tiketi

Jamani naandika hii sababu simu ninazopigiwa ni zilezile, kijana kaja Marekani kusoma, ada imegoma, kaacha chuo kimyakimya kaenda kubeba boksi, alafu anauliza dada si bora nirudi tu nyumbani nikaombe upya? Tulia kwanza, tiketi iwe ya mwisho.

Ile stika kwenye pasipoti ni ya kukufikisha mlangoni, muda wa kukaa uko kwenye I-94, yani rekodi yako ya kuingia nchini, unaipata mtandaoni bure. Aliyekuja kutembea mara nyingi anapewa miezi 6. Ukiipitisha hiyo tarehe hata siku moja visa inakufa, hata kama stika inaonyesha imebaki miaka. Ukizidisha zaidi ya siku 180 alafu ukaondoka unafungiwa kurudi Marekani miaka 3, ukizidisha mwaka ni miaka 10, ndo sheria yao ya 1996, na inakubana pale unapotoka nje ya nchi. Kwahiyo kama hujafika siku 180 kuondoka mapema kunakuokoa, kama umeshapita usipande ndege kabla hujaongea na wakili.

Kwa mwanafunzi ambaye I-94 yake imeandikwa D/S, yani haina tarehe, unakaa maadamu hadhi yako ya mwanafunzi ipo, hesabu ya hizo siku haianzi mpaka uhamiaji au jaji aamue rasmi kwamba umevunja. Wengi wakisikia hivyo wanalala, na hapo ndo wanapokosea, sababu hadhi yako ya mwanafunzi imeshaondoka na kuna mlango mwingine unafungwa taratibu, ule wa kuomba kurudishiwa hiyo hadhi.

Nilimsindikiza mdogo wetu mmoja wa hapa mtaani kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Baba yake aliugua Moshi, hela zikakata, akaacha baadhi ya masomo akabaki na kredit 6 kwa muhula wakati mtu wa digrii ya kwanza anatakiwa 12. Email za ofisi zilikuwa zimejaa kwenye simu hajafungua hata moja kwa woga. Yule mama wa ofisini akatugeuzia skrini tukaona rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, imeshafungwa, alafu kabla ya yote akamuuliza, umefanya kazi nje ya chuo? Hakufanya, na hilo ndo lilimbeba, maana kuomba kurudishiwa hadhi kunataka usiwe umefanya kazi bila kibali, kilichokukuta kiwe nje ya uwezo wako, uwe unarudi kusoma full time, na fomu ya I-539 iingie ndani ya miezi 5 tangu upoteze hadhi. Karatasi za hospitali zikatumwa kwa WhatsApp, zile za Kiswahili zikatafsiriwa, mjomba akaandika barua ya kulipa ada na kuambatanisha taarifa ya benki. Alisubiri sana lakini alikubaliwa. Angekaa na woga wake mpaka miezi ipite ingekuwa kesi nyingine kabisa, yani inaniuma kuona watu wanapoteza nafasi hii kwasababu ya aibu.

Kama umeshafanya kazi bila kibali usidanganye kwenye fomu yoyote, tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni, sio "kaka anayejua mambo" anayejaza fomu sebuleni kwake. Na tafadhali usiweke tiki kwenye kisanduku cha raia ukijaza I-9, ile fomu ya mwajiri ya kuthibitisha unaruhusiwa kufanya kazi. Ukioana kweli na raia, na uliingia kwa visa, kuzidisha muda na hata kazi bila kibali vinaweza kusameheka, ila kujiita raia wa Marekani hakuna msamaha wa kutegemea. Ndoa ya kununua nayo inakufungia.

Ikija barua ya mahakama, nenda. Usipotokea jaji anaweza kuamuru uondolewe hata kama haupo, na wengi wanaikosa barua sababu walihama. Ukihama wape uhamiaji anuani mpya ndani ya siku 10, na kama kesi iko mahakamani ijulishe mahakama pia kwa fomu yake, uhamiaji hawatakufikishia.