Jeli ya ganzi haifunikwi kwa nailoni

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 67. Aliugua mkanda wa jeshi ubavuni, malengelenge yakakauka, lakini huu ni mwezi wa nne bado anahisi moto kwenye ngozi, kiasi kwamba hata kanga ikimgusa anashtuka. Tulianza na jeli ya diklofenaki, haikusaidia. Jirani akatuelekeza jeli ya ganzi, yaani lidokaini, tuipake kwa wingi, tuifunike kwa mfuko wa nailoni, kisha tumkande juu yake kwa kitambaa cha maji ya moto ili dawa iingie ndani. Anapata nafuu ya muda mfupi. Je, tunaweza kuongeza mara za kupaka kwa siku? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mpe mama pole. Kabla hatujafika kwenye hesabu ya mara ngapi, naomba leo hii mwondoe nailoni na kitambaa cha moto, na msivirudishe tena, hata kama maumivu yatazidi usiku.

Ushauri aliowapa jirani yenu nausikia kwenye dirisha langu la dawa karibu kila juma, na hakuna unaonichosha kuliko huo. Watu wameshika kwamba dawa ya kupaka ni dhaifu kwa kuwa haimezwi wala haichomwi sindano, hivyo ni lazima isukumwe kwa joto na kufunikwa. Lidokaini hufanya kazi kwa kuziba njia za sodiamu ambazo neva huzitumia kupitisha taarifa ya maumivu, na miisho ya neva zilizojeruhiwa na virusi vya mkanda wa jeshi imo kwenye ngozi yenyewe. Dawa ikifika hapo imefika. Inayosukumwa kupita hapo huingia kwenye damu, na damu huipeleka kwenye ubongo na moyo, ambavyo navyo hutegemea njia hizohizo za sodiamu. Tukumbuke pia kwamba hii ndiyo dawa iliyomo kwenye sindano ya ganzi ya daktari wa meno, naye huipima kwa uangalifu kabla ya kumchoma mgonjwa.

Kipo kibandiko cha lidokaini cha asilimia 5 kilichotengenezwa mahususi kwa maumivu kama ya mama. Hubandikwa kwenye ngozi isiyo na kidonda, visivyozidi vitatu kwa pamoja, kwa saa 12, kisha ngozi hupumzishwa saa 12 nyingine. Kikitumiwa hivyo, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 3 tu ya dawa iliyomo. Ukiongeza joto, nailoni, eneo pana au ngozi iliyokwaruzika, kipimo hicho hakipo tena, na hakuna mfamasia anayeweza kukuambia mama amepokea kiasi gani. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wasichana wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, kupaka krimu kali za ganzi miguuni kabla ya kuondolewa nywele kwa leza, na kuifunga miguu yao kwa plastiki kama walivyoelekezwa. Wote wawili walipatwa na degedege, wakapoteza fahamu na kufariki.

Kwa hiyo mama akilalamika ganzi kuzunguka midomo, ladha ya chuma mdomoni, mlio masikioni, kizunguzungu au kutetemeka, ioshe jeli yote kwa sabuni na maji ya uvuguvugu na mumfikishe hospitali bila kusubiri. Kama ana ugonjwa wa ini, au anatumia dawa za kurekebisha mapigo ya moyo, asiendelee na lidokaini kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu ini ndilo linaloiondoa mwilini.

Kama hana matatizo hayo, apakwe tabaka jembamba, mahali panapouma tu, kwenye ngozi kavu iliyopona kabisa, na mpakaji anawe mikono. Mara ngapi kwa siku hutegemea nguvu iliyoandikwa kwenye tyubu mliyouziwa. Ile ya asilimia 2, ambayo hospitalini hutumika kuwekea mpira wa mkojo, haina maelekezo sawa na ya asilimia 5. Beba tyubu yenyewe uende nayo kwa mfamasia. Diklofenaki acheni: hutuliza uvimbe wa viungo na misuli, na mama hana uvimbe.

Maumivu ya miezi minne yanahitaji pia dawa ya kumeza, mara nyingi amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au gabapentini. Ndugu wengi husoma kwenye karatasi ya maelezo kwamba amitriptilini ni dawa ya sonona, wakaitupa. Kwa maumivu ya neva hutolewa kwa dozi ya chini kuliko ile ya sonona, ila kwa umri wa mama daktari amuulize kwanza habari za moyo na presha ya macho.

Sasa niseme na wengine wanaosoma hapa, hasa wenye kisukari ambao nyayo zinawaka moto. Wapo wauzaji wanaopanda mabasi ya mikoani na chupa isiyo na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo, wakidai inatibu ganzi, presha na nguvu za kiume kwa mpigo mmoja, na uthibitisho wao ni kwamba inachoma. Kuchoma si kipimo cha kufanya kazi. Krimu halali ya kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, kweli huwasha siku za mwanzo, lakini ile ya kupaka nyumbani ina asilimia 0.025 au 0.075 tu, hupakwa mara tatu au nne kila siku kwa majuma kadhaa ndipo nafuu ionekane, na ile ya asilimia 8 hubandikwa na mhudumu wa afya kliniki. Pilipili kichaa iliyotwangwa ikachanganywa na mafuta haina asilimia inayojulikana. Dawa za kuchua zenye mentholi na methili salisileti nazo zimewahi kuunguza ngozi za watu, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asizipake bila kuuliza, kwa kuwa zinaweza kumsababishia kuvuja damu.

Mwenye kisukari ambaye mguu wake umekufa ganzi hawezi kuhisi anapoungua. Ataloweka mguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, atapaka dawa ya kuchua, atavaa soksi juu yake, na malengelenge atayaona asubuhi akivua. Kidonda hicho hakiponi upesi, na wodini tunawafahamu waliokatwa mguu kwa kuanzia na beseni la namna hiyo. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, na jeli yoyote ipakwe baada ya nyayo kukaguliwa mwangani, hadi katikati ya vidole.