Nyangwa Anapovuka Chumvi: Tabia ya Kiumbe Inapojipinga katika Mfululizo wa Riwaya

SWALI: Ninaandika riwaya tatu za fantasia zinazofuatana kuhusu nyangwa, wanyama wa kubuni wanaoishi katika mabwawa ya bara. Katika kitabu cha kwanza, ambacho kimekwisha kuchapishwa, nyangwa huwinda peke yake, hatoi sauti, na havuki chumvi. Wanakijiji huokoka kwa kumwaga chumvi vizingitini, na mganga wao hufa usiku ambao chumvi yake imekwisha. Kanuni hiyo inatajwa na mzee mmoja katika sura ya pili, kisha na msimulizi mwenyewe katika sura ya kumi. Kitabu cha pili kiko kwa mchapishaji katika hatua ya prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kwa mara ya mwisho kabla ya kuchapwa. Sasa, katika muswada wa kitabu cha tatu, nyangwa wanakuja kwa kundi, wanaitana, na wanakatiza mashamba ya chumvi ya pwani. Wasomaji wangu wa kwanza wamelalamika. Je, nifanyeje?

JIBU: Ndugu mwandishi, kinzani tatu ulizozitaja hazina uzito mmoja, na ningependa tuzitenganishe kabla hujafuta hata sentensi moja.

Upweke na ukimya wa nyangwa ni mambo mepesi. Hakuna mhusika katika kitabu cha kwanza aliyefanya uamuzi kwa kuyategemea, na wanyama wa kweli nao hubadilika kulingana na mahali: simba wa Ziwa Manyara nchini Tanzania na wale wa Ishasha nchini Uganda wanajulikana kwa kupanda miti, na hakuna anayesema kwamba si simba. Mhusika mmoja wa pwani akishangaa kusikia milio mingi gizani, hilo litatosha.

Chumvi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mtu amekufa kwa kuikosa. Msomaji aliyemlilia mganga wako aliamini kwamba kiganja kimoja cha chumvi kingemwokoa. Ukimwonyesha baadaye kwamba nyangwa huweza kupita juu ya chumvi bila kudhurika, unamnyang'anya kifo kile na kila kilichofuata. Kipimo ninachokitumia mezani kwangu ni hiki: je, kuna aliyeokoka, aliyekufa au aliyesaliti kwa sababu ya kanuni hii? Ikiwa yupo, kanuni haiguswi bila gharama.

Swali linalofuata ni nani aliyeitamka. Mzee wa sura ya pili anaweza kukosea, kwa kuwa anajua yale tu aliyoyaona yeye na wazazi wake. Msimulizi wa sura ya kumi hana nafasi hiyo, isipokuwa awe naye ni mtu ndani ya hadithi. J.R.R. Tolkien aliitumia nafasi hiyo kwa ustadi mkubwa. Katika toleo la kwanza la The Hobbit, la mwaka 1937, Gollum, kiumbe wa pangoni, anamwahidi Bilbo, mhusika mkuu, pete kama zawadi iwapo atashindwa naye katika mchezo wa vitendawili, na asipoiona anaomba radhi na kumwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Baadaye pete hiyo ilipogeuka kuwa kitu kinachomfunga anayekimiliki, ukarimu huo haukuwezekana tena. Sura ikaandikwa upya katika toleo la 1951, na The Lord of the Rings, hadithi iliyoendeleza ile ya kwanza, ikaeleza kwamba masimulizi ya zamani yalikuwa uongo wa Bilbo mwenyewe. Marekebisho hayo yalifaulu kwa sababu uongo ule ulithibitisha nguvu ya pete juu ya mtu mwema. Msimulizi wako hana sababu ya kudanganya kuhusu chumvi, kwa hiyo sikushauri ufuate njia hiyo, wala usisubiri toleo jipya la kitabu cha kwanza.

Njia inayokufaa zaidi imo katika mfululizo uleule. Orki, askari waovu wa Tolkien, hulichukia jua, lakini orki wa mchawi Saruman hukimbia mchana kutwa; badala ya kulipitia jambo hilo kimyakimya, mwandishi anamfanya Treebeard, kiumbe mkongwe wa msituni, alitambue kuwa ni kinyume cha alichokijua na ajiulize Saruman amefanya uovu gani. Kanuni inavunjwa mbele ya shahidi anayeijua, na uvunjaji wenyewe unakuwa habari inayotisha.

Hata hivyo, shahidi peke yake hatakutosha. Chumvi lazima iendelee kuuma. Fikiria tembo dume: kipindi cha joto la uzazi kinapomjia, huwa mkali kupita kawaida, majimaji humtiririka kutoka kwenye tezi za kichwani, na anayemjua humtambua kwa mbali. Wape nyangwa hali ya namna hiyo, yenye dalili zinazoonekana na harufu yake, inayowasukuma wavuke huku ngozi ikiwachubuka na baadhi yao wakifia katikati ya shamba. Hapo kundi nalo linapata maana, kwa kuwa nyangwa mmoja asingefika ng'ambo. Kifo cha mganga kinabaki salama, mradi nyangwa aliyemuua hakuwa na dalili hizo.

Jihadhari na wakati wa kutoa maelezo. J.K. Rowling aliwaleta thestrali, farasi wanaoonekana tu na aliyeshuhudia kifo, katika kitabu cha tano cha Harry Potter mwaka 2003. Wasomaji wakauliza kwa nini Harry hakuwaona mwishoni mwa kitabu cha nne, ilhali Cedric, mwanafunzi mwenzake, alikwisha kufa mbele yake. Mwandishi alijibu kwamba ni lazima kifo kwanza kimwingie mtu moyoni. Ni jibu zuri, na kwa maoni yangu lilistahili kuwamo kitabuni, kwa kuwa alilitoa nje ya hadithi.

Kwa bahati, kitabu chako cha pili bado kiko kwenye prufu, na ndicho mahali pa kupanda mbegu. Mwandikie mhariri wako wiki hii, kabla kurasa hazijafungwa, umwombe nafasi ya aya moja tu: mvuvi anakuta mzoga wa nyangwa ufukweni, miguu imeungua, na kwenye taya kuna utando wenye harufu asiyoijua. Asieleze chochote. Ili kurasa zisisogee, punguza idadi ileile ya maneno ndani ya sura hiyohiyo.