Namna ya kusoma ukoo wa Sir William ap Thomas

Ukianza kusoma koo za Wales za karne ya 15, anza na majina, na hapo Mswahili ana nafuu: "ap" ni bin, "ferch" ni binti. Huyu naiti (mwenye cheo cha "Sir") wa Raglan, ngome ya Wales, ni William bin Thomas, basi. Baba yake ni Thomas ap Gwilym ap Jenkin, na Gwilym ni William hiyohiyo kwa Kiwales. Kwenye faharasa mtafute herufi T, ukimkosa nenda W. Alipewa usir mwaka 1426. Hati za kabla ya hapo zinamtaja bila "Sir", usimhesabu kuwa mtu mwingine.

Mke hachukui jina la mume. Gwladys ferch Dafydd Gam, mke wa pili wa William, alibaki binti Dafydd. "Gam" ni lakabu ya mwenye makengeza, kwa hiyo ukiandika "Gwladys Gam" umemrithisha binti macho ya baba yake.

Sasa chora. Wengi humweka mwanamume juu, na ndipo wanapokwama. Mweke Gwladys katikati. Kushoto kwake Sir Roger Vaughan, mume wa kwanza, aliyeuawa katika vita vya Agincourt mwaka 1415 pamoja na mkwewe Dafydd. Chini yao Watkin, Thomas na Roger. Kulia William ap Thomas. Chini yao William na Richard, ambao waliacha "ap" wakajiita Herbert. Ukifuata majina ya baba tu, unapata koo mbili zisizojuana. Ukimfuata mama, unaona kwa nini Thomas Vaughan alikufa katika vita vya Edgecote mwaka 1469 akiwa upande wa akina Herbert, waliokamatwa hapo na kukatwa vichwa: ni mama mmoja, baba mbali.

Mali nayo ina mtego wake. Raglan ilikuwa ya Elizabeth Bloet, mke wa kwanza wa William, mjane wa Berkeley. Alipofariki mwaka 1420, urithi ulikwenda kwa James Berkeley, mtoto wake wa ndoa ya awali. William akabaki mpangaji mpaka aliponunua mwaka 1432 kwa maki 1,000. Maki haikuwa sarafu ya mkononi, ilikuwa hesabu tu: shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili za pauni. Andika pauni 666, shilingi 13 na peni 4. Anayeandika pauni 1,000 amepandisha bei kwa nusu nzima.