Mwanangu, kabla ya kava nioneshe msomaji wako

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye cherehani nikaikosa nusu, ya pili nikazima mashine nikakaa chini. Unasema chuoni mmepewa kazi ya kutengeneza jarida la fasheni la vijana wa miaka 13 mpaka 16, utafiti, mpango mzima na kurasa chache za mfano, na umenitumia kava mbili unauliza ipi kali. Nimeziangalia. Zote nzuri, ila siwezi kukuchagulia maana dakika sita zote umeongea fonti, umeongea ile rangi ya waridi iliyopauka, umesema "vijana" sijui mara ngapi, lakini hujanitajia mtu hata mmoja atakayelishika hilo jarida mkononi. Sasa mimi nikuambie kava ipi kali, kali kwa nani?

Usinune. Hiyo ndo sehemu ambayo karibu kila mtu anairuka, na nimeiona miaka yangu yote ya kiwanda cha uchapaji kabla sijahamia kwenye ushonaji. Wanakuja na kava inang'aa, ukifungua ndani kila ukurasa unaongea na mtu tofauti, huku mtoto wa miaka 12, huku bibi harusi.

Sikiliza hii. Jarida la Seventeen la kule Marekani lilianza Septemba 1944, mhariri wake wa kwanza Helen Valentine, na enzi hizo wafanyabiashara wengi walikuwa hawajamwona msichana wa sekondari kama mteja wa kujitegemea, kwao ukishatoka utoto basi unavaa kama mama yako, mambo yameisha. Wale wa jarida wakafanya utafiti kwa wasichana wenyewe, majibu wakayakusanya wakamtoa humo msichana mmoja wa kubuni wakamwita Teena, ana umri wake, ana vitu anavyopenda, ana hela kidogo ya mfukoni, halafu wakawa wanakwenda kwa watangazaji wanamweleza Teena kama mtoto wa jirani. Wao walimtumia kuuzia matangazo, na hapo mimi nina maneno yangu ila tuyaache. We mtumie wako kuamulia kurasa. Mpe jina, mpe umri, mpe simu ya kuazima kama hana yake, mpe kaka anayemcheka akivaa kofia. Kila ukikwama kama picha fulani iingie au isiingie, unamuuliza yeye.

Ila huyo mtu usimtoe kichwani kwako tu, atakuwa wewe mwenyewe uliyepunguzwa miaka. Najua utakimbilia kwa mdogo wako maana yupo karibu na anajibu haraka, lakini mdogo wako anakupenda, atakwambia kila kitu kizuri. Tafuta kama ishirini usiowajua sana, wasichana na wavulana pia (hujaniambia kama wavulana wamo, amua mapema). Na dodoso lako, samahani, nimelisoma, swali la kwanza "je unapenda fasheni?" lifute, kila mtu atajibu ndiyo na hutajua lolote. Uliza vitu alivyofanya kweli. Jana ukitoka shule ulivaa nini? Nguo gani iko kabatini na huivai, na kwa nini? Nani aliichagua hiyo uliyovaa sasa hivi? Mara ya mwisho ulimwiga nani mavazi, ulimwona wapi? Mtu akisimulia jana yake hana nafasi ya kujipamba, ila ukimuuliza anapenda nini anakujibu kile anachodhani kinapendeza kujibiwa.

Halafu fanya na hii ambayo haina maswali kabisa: mpe jarida lolote la mitindo, kaa pembeni, angalia vidole. Anasimama wapi, anaruka wapi, ukurasa gani anaurudia, wapi anaugeuzia kwa mwenzake wacheke. Andika tu. Nakuhakikishia atapita makala ndefu kama upepo kisha atakaa dakika nzima kwenye kisanduku kidogo cha jinsi ya kufunga kamba za viatu. Hicho kisanduku ni utafiti, kiweke kwenye ripoti.

Sasa jambo ambalo mimi ndo naliona kubwa kuliko yote. Msomaji wako wa miaka 14 hanunui nguo. Yaani ananunuliwa, au anarithi ya dada, au siku nyingi kavaa sare, na hata akiwa na hela ni ile ya kusubiri. Majarida mengi ya fasheni yamejengwa kwa mtu anayeweza kuona koti akaenda kulichukua, ukichukua huo mfupa ukauvisha lugha ya vijana unapata jarida linalomwambia mtoto kila ukurasa kwamba anachokosa ni hiki, na hiki, na hiki. Mi ningekuwa wewe jarida lote ningelijenga juu ya nguo ambazo tayari anazo. Shati moja kulivaa namna saba. Suruali imekuwa fupi, tunafanyaje na upindo. Kushona kifungo, picha kwa picha, na hapo mamako niite. Kutoa doa la wino. Kusoma ile lebo ya ndani yenye alama za beseni na pasi, watu wazima wenyewe hawaijui, wanaunguza nguo halafu wanalaumu kitambaa.

Na usidhani hiyo ni fasheni ya kimaskini. Terry Jones alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la mitindo la Vogue la Uingereza, akaacha, mwaka 1980 akaanzisha jarida lake la i-D, matoleo ya mwanzo yalikuwa ya kubana kwa stepla tu, na ndani watu wa kawaida wamepigwa picha wima mbele ya ukuta, kutoka kichwa mpaka viatu, pembeni yameandikwa waliyovaa na walikoyapata. Hamna studio wala safari. Kwa bajeti ya mwanafunzi hiyo ni zawadi, ukuta mmoja safi na mwanga wa asubuhi au wa jioni, jua la saa sita usilitumie litawatia vivuli machoni.

Kwenye kuchunguza majarida mengine usiandike "lina rangi za kuvutia", mwalimu atalala. Chukua matatu ukae na kalamu uhesabu. Kurasa ngapi tangazo, ngapi nguo, ngapi maneno. Katika nguo hizo, ngapi huyo Teena wako angeweza kuzivaa wiki hii na vitu vya kabatini kwake. Sura ngapi tofauti, maumbo mangapi, weusi wa ngozi za aina ngapi, kuna hata mmoja mwenye miwani, mwenye vyuma vya meno, mwenye kiti cha magurudumu? Makala ndefu kuliko zote ina maneno mangapi? Ukishapata hizo namba pengo linajitokeza lenyewe, na hapo ndo jarida lako linaingia.

Haya, kurasa. Umesema "kama 22 hivi". Mwanangu umekulia kwenye nyumba ya mchapaji! Likibanwa stepla katikati, karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo ni 16, 20 au 24, hamna 22. Chukua karatasi sita tupu sasa hivi, zikunje pamoja, andika namba 1 mpaka 24 kwa penseli, kisha zitawanye uone maajabu: ukurasa wa 1 uko karatasi moja na wa 24, wa 2 na wa 23, kila wenza ukiwajumlisha wanatoa 25. Ndiyo maana ukichelewesha ukurasa wa 23 na wa 2 nao unakwama. Na katikati, 12 na 13, ndipo mahali pekee ambapo kurasa mbili zinazotazamana ziko kwenye karatasi moja, picha yako kubwa ya kuvuka iweke hapo. Kwingine kote nusu ya picha inachapwa karatasi hii nusu karatasi ile, zikikutana zinaweza kupishana kidogo. Mimi mwaka wangu wa pili kazini niliweka uso wa mwanamitindo katikati ya mkunjo, kwenye skrini alikuwa malaika, lilipotoka kwenye mashine pua ilikuwa imezama yote kwenye stepla, nakala zote hivyo hivyo. Mwenye kazi alilitazama muda mrefu sana bila kusema neno, nilitamani anitukane tu.

Hicho kijitabu cha penseli usikitupe, ndo ramani yako. Chora visanduku 24 kwenye karatasi moja kubwa, andika kila kimoja kina nini, kisha kiangalie kwa mbali: kama kurasa sita mfululizo ni maneno, changanya, kama nguo zote zimerundikana mwishoni, vuta mbele. Kuhamisha kisanduku cha penseli ni sekunde, kuhamisha ukurasa uliokwisha kupangwa ni usiku mzima na machozi, nakujua.

Picha, kuwa makini na hizi za kupakua. Kwanza si zako, mpiga picha ana haki yake hata kama ziko wazi intaneti kila mtu anaziona. Pili hazitoshi. Chapa nzuri inataka nukta 300 kwa inchi, ukurasa mzima wa A4 ni kama pikseli 2480 kwa 3508, sasa skrinshoti ya upana wa pikseli 1080 inakupa upana wa sentimita 9 tu, ukiivuta ijaze ukurasa inakuwa ukungu. Picha inayofika mpaka ukingoni iachie milimita 3 za ziada pande zote za kukatwa, la sivyo utaona ka mstari keupe. Na ile waridi yako inayowaka kwenye simu, wino una rangi nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, hauwaki. Chapa prufu moja, yaani nakala ya majaribio, kwanza kabla hujaipenda zaidi.

Watoto utakaowapiga picha wako chini ya miaka 18, kwa hiyo kibali cha mzazi kiwe cha maandishi, kimesainiwa, na kieleze picha itatumika wapi, karatasi tu au na mtandaoni pia. Jina la kwanza linatosha, shule na mtaa usiandike. Na usiwalainishe sura. Mwaka 2012 binti wa miaka 14 huko Marekani aliwaandikia hao hao Seventeen waraka akiomba angalau kila toleo wawe na picha za wasichana ambazo hazijarekebishwa na kompyuta, zikakusanywa saini zaidi ya 80,000, na jarida likachapisha ahadi kwamba halitabadilisha umbo la mwili wala sura ya msichana. Miaka 14. Ndo umri wa msomaji wako huyo huyo, kwa hiyo usidhani haoni. Chunusi ikiwepo iache ipumue. Mwanga urekebishe, uchafu wa ukutani futa, basi.

Maandishi yafanye mafupi, usimwite msomaji "mrembo" kila sentensi, na misimu ya vijana iache maana mpaka litoke kwenye chapa itakuwa imeshapita. Matangazo kwenye mpango wako tenga nafasi mbili tu, ukurasa wa nyuma na mmoja wa ndani, na yaandikwe wazi kuwa ni tangazo.

Ukishampata huyo mtu wako na majibu ya wale ishirini, rudi na kava zako mbili uwaoneshe wao, kila moja sekunde tatu kisha uifiche, waulize wamekumbuka nini. Ile ya kwanza nahofia hawatakumbuka jina la jarida, kichwa cha binti kimelifunika, mshushe kidogo. Ya pili maneno ya pembeni yamezidi, saba yote hayo, nani anayasoma. Nitumie picha ya kijitabu cha penseli leo leo hata kama umekikunja upande, nikukagulie namba kabla hujalala.

Mamako