Los Angeles hadi Las Vegas kwa gari: maswali yenu

Likizo zinakaribia, na wengi mmeuliza kuhusu barabara hii ya jangwa la Mojave. Nimeipita mara nyingi na ninaipenda.

Ni mwendo wa muda gani? Tuondoke lini?
Ni kilomita kama 435 kwa barabara ya I-15, yaani saa nne hivi njia ikiwa nyeupe. Ijumaa alasiri msithubutu, foleni ni ndefu mno. Jumapili mchana foleni hiyohiyo inarudi. Tokeni katikati ya wiki, alfajiri.

Tunakwenda Julai na watoto wawili. Joto lake ni kama la Dar?
Hapana, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Dar unaloa jasho na unajua umechoka. Mojave jasho hukauka kabla hujaliona, mwili unaishiwa maji nawe unajiona mzima. Mtoto ndiye anayewahi kuzidiwa. Nyuzi 40 na zaidi ni kawaida. Pale Baker, mji mdogo wa njiani, mtaona kipimajoto kirefu kama mnara, futi 134, ukumbusho wa nyuzi 134 za Fahrenheit (56.7 za Selsiasi) zilizopimwa kwenye bonde la Death Valley mwaka 1913.

Bebeni angalau lita nne za maji kwa kila mtu. Kagueni rejeta, presha ya tairi na tairi la akiba. Kutoka Baker kwenda Las Vegas kuna mpando mrefu. Sindano ya joto ikipanda, zimeni kiyoyozi. Gari likigoma, msiliache mkaanza kutembea. Na mtoto asibaki ndani ya gari lililozimwa hata dakika tano.

Njiani kuna cha kuona, au ni mchanga mtupu?
Kipo kingi! Hapo Baker jazeni tenki, maana hifadhi ya Mojave haina sheli, kisha mshike barabara ya Kelbaker kuelekea kusini. Ulizeni kwanza kama iko wazi, mafuriko huikata. Mtapita vilima vya volkano na lava nyeusi hadi vilima vya mchanga vya Kelso, vyenye kimo cha mita 200 hivi. Mchanga mkavu ukiporomoka hunguruma, na mngurumo huo unausikia hadi kifuani. Tazameni pia mti wa Joshua, matawi juu kama mtu anayeomba dua. Ni wa ukoo mmoja na mkonge. Mtu wa Tanga atautambua kwa majani tu.

Nina dola 300 za kamari nirudishe gharama za safari. Nicheze nini?
Ndugu yangu, lipia mafuta kwa fedha nyingine kabisa. Ruleti ya Marekani, gurudumu linalozungushwa na kimpira kuangukia namba, ina vyumba 38: namba 1 hadi 36, sifuri na sifuri mbili. Ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa moja, wakati malipo ya haki yangekuwa 37. Pengo hilo ni senti tano na ushee katika kila dola unayoweka, na kasino hulipata usiku kucha. Michezo mingine inapishana kwa kiwango tu.

Kijana wangu ana miaka 19, ataruhusiwa kucheza?
Hapana. Ni mpaka atimize 21.

Sisi hatuchezi kamari wala hatunywi pombe. Kuna haja ya kwenda?
Ipo. Bwawa la Hoover, lililoanza kujengwa mwaka 1931, uleule Nevada, jimbo lenye Las Vegas, ilipohalalisha kamari, liko karibu. Kisha Valley of Fire, miamba myekundu yenye michoro ya watu wa kale. Wakati wa joto baadhi ya njia zake za miguu hufungwa, basi fikeni jua linapochomoza.